TUFUFUE PAMPU YETU

Mazungumzo ya mweka hazina wa maji mbele ya mkutano wa kijiji

 

Pampu yetu imekufa, na huu ni mwezi wa nne. Kina mama wanaamka alfajiri kwenda lambo. Ng'ombe wanakunywa pale, na watoto wetu wanakunywa pale pale. Kuhara hakuchagui nyumba ya mwenyekiti wala ya mwalimu.

Je, nani ameiua pampu? Wengine wanasema chuma kilikuwa kibovu. Sivyo. Fundi aliifungua akakuta mipira ya ndani imelika. Mpira ukisuguana na bomba kila siku, lazima ulike, kama kandambili. Hiyo si ajabu. Ajabu ni kwamba siku ulipolika, mfuko wa maji ulikuwa mtupu.

Hapo, jamani, naomba mnisikilize. Mfuko niliushika mimi. Sikuiba, lakini sikuandika. Fedha nyingine nilimkopesha mtu mwenye msiba. Nyingine nilinunulia grisi. Nyingine sikumbuki. Mlipouliza hesabu nilikasirika. Nanyi mkaacha kuchanga. Mlikuwa na haki. Nimeuza mbuzi wangu wawili. Fedha hizi hapa mezani, mwenyekiti azihesabu mbele yenu.

Ugonjwa huu si wa kijiji chetu tu. Mwaka 1971 Serikali yetu ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20. Ilitaka ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa. Lakini nyingi ziliharibika, na fedha za kuzitengeneza hazikutosha. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufika. Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka wanavijiji wenyewe wamiliki miradi yao, waiendeshe, na wachangie matengenezo.

Basi tufanyeje? Mimi naona mambo manne.

Kwanza, daftari. Kila shilingi inayoingia na inayotoka iandikwe siku ile ile. Kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti mkutanoni. Kusoma tumejifunza, siyo? Basi kazi ya kusoma ndiyo hii.

Pili, mfuko usishikwe na mtu mmoja. Fedha ziwekwe benki, na zisitoke bila sahihi za watu watatu.

Tatu, tuchange kidogo lakini kila mwezi. Tuseme nyumba 100 zinatoa shilingi 1,000 kila moja. Hizo ni 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,200,000. Mpira ukilika, fedha ipo.

Nne, tuchague vijana wawili, wa kike na wa kiume, wafundishwe kufungua pampu. Waikague kabla haijaharibika. Tangu 2019 ipo RUWASA, wakala wa maji vijijini. Twende ofisi yao ya wilaya tukaombe mafunzo na ushauri.

Ndugu zangu, mweka hazina mpya mchagueni leo. Mimi sigombei tena. Ila akishachaguliwa, nitakuwa mtu wa kwanza kumpa shilingi 1,000. Na nitamdai stakabadhi.