JE, KOMPYUTA YA BEI KUBWA INA FAIDA KWETU WAFANYA KAZI?

Maneno yaliyosemwa mkutanoni Ruiru mbele ya wanachama wa reli na jamaa zao



Katika mkutano uliopita mlitutuma sisi watu watatu tukatazame habari ya kompyuta, kisha tuje tuwaeleze. Tulipanda gari la moshi la asubuhi mpaka Nairobi, tukatembea Luthuli Avenue na Moi Avenue, duka hata duka. Tulizungumza na mafundi, tukawauliza pia watoto wetu wanaosoma. Leo tumekuja kutoa hesabu ya safari hiyo.

Neno lenyewe mnalijua. Watoto wetu wamefika vyuoni, wengine Juja kwa JKUAT, wengine Kahawa kwa Kenyatta University. Kila mmoja akirudi nyumbani husema, "Baba, nataka kompyuta." Na wengine hawataki kompyuta yo yote, wanataka ile yenye alama ya tofaa lililong'atwa. Basi baba huenda kwenye chama cha akiba na mkopo, akatia sahihi, na mshahara wake unakatwa miaka mitatu.

Hatukuja kumcheka mtu. Lakini mmoja wetu aliyeketi hapa ametupa ruhusa tuseme habari yake bila kutaja jina. Alikopa, akamnunulia kijana wake mashine ya bei kubwa kuliko zote dukani. Kijana anasoma uhandisi. Alipofika darasani aliambiwa atumie programu iitwayo SolidWorks, na programu hiyo imetengenezwa kwa Windows, wala haiingii katika mashine ya tofaa. Ni vivyo hivyo kwa Revit, ambayo hutumiwa na wachora majumba. Mashine ikauzwa kwa nusu ya bei. Deni halikuuzwa. Mwenzetu angali analipa kila mwisho wa mwezi. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwingine alikimbilia upande wa pili. Alinunua ile ya rahisi kabisa, ya mitumba, bila hata risiti. Mwezi wa tano kioo kikazimika, na betri ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza; stima ikipotea, mtoto anakaa gizani na kazi yake imepotea. Huyu naye alipata hasara. Kwa hiyo msidhani tumekuja kuwaambia kwamba rahisi ndiyo njema.

Ndugu, jambo hili sisi watu wa reli twaweza kulielewa kuliko wengine. Wazee wetu hawakusahau zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizofika katikati ya miaka ya 1950 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Zilikuwa 34, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Zilipewa majina ya milima. Mmoja wao, Mount Gelai, nambari 5918, yuko katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, na mtu aweza kwenda kumtazama. Injini hizo zilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi, mahali penye reli nzito. Katika njia za reli nyepesi zilitumwa injini nyepesi. Hakuna aliyesema kwamba watu wa njia nyepesi wamedharauliwa. Mkubwa wa kazi aliuliza mambo mawili: mzigo ni upi, na njia itaubeba uzito wa injini?

Nasi tuulize hayo hayo. Mzigo ni kazi ya mtoto. Njia ni mshahara wako.

Kwanza mzigo. Mtoto anayeandika kazi zake, anayesoma vitabu mtandaoni, anayejaza fomu za HELB na kufungua eCitizen, mzigo wake ni mwepesi. Mashine ya wastani yamtosha. Anayesoma uhandisi au kuchora majumba, mzigo wake ni mzito, tena wataka Windows; kwake yeye fedha zitiwe katika memori na prosesa, si katika jina. Lakini binti anayekata picha za sinema za harusi, na tayari ana wateja wanaomlipa, huyo ana sababu ya kutaka mashine ya bei kubwa. Kampuni ya Apple ilipoleta MacBook Air ya M1 mwaka 1970 na 50, yaani 2020, ilitangaza kwamba betri yake yaweza kufika saa 15 za kusoma mtandao, na haina hata feni ya kupiga kelele. Stima ikipotea Ruiru, hayo si mambo madogo. Mashine ikirudisha fedha nyumbani, bei yake yaweza kuwa halali.

Lakini bei kubwa si kiapo. Kampuni hiyo hiyo iliuza mashine za gharama kati ya mwaka 2015 na 2019 zenye kibodi iliyokwama kwa vumbi kidogo tu. Watu wa Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 50. Tena memori ya mashine zake za kubeba za siku hizi imeungwa ndani. Ukinunua ndogo leo, kesho huwezi kuongeza. Fikirini vumbi letu la hapa, kisha mfikirie ni mafundi wangapi wa Ruiru au Thika wanaoweza kuifungua mashine hiyo, na kwa bei gani.

Sasa hesabu. Tunatoa mfano tu, kwa maana bei hubadilika. Usiulize, "Ni shilingi ngapi?" Uliza, "Ni shilingi ngapi kwa mwezi wa kazi?" Mashine ya shilingi 24,000 ikikaa miezi 18, imekula shilingi 1,333 kila mwezi. Mashine nzuri ya mitumba ya shilingi 48,000 ikikaa miaka mitano, imekula shilingi 800. Mashine ya shilingi 150,000 ikikaa miaka saba, imekula karibu shilingi 1,786. Hapo mwaona kwamba ya rahisi ilimshinda ya katikati kwa ughali.

Wala hatujahesabu riba. Ukikopa hizo 150,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki, na ukalipa miezi 36, utakatwa karibu shilingi 4,980 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa zaidi ya 179,000. Karibu shilingi 29,000 zimekwenda na riba peke yake. Fedha hizo ni zaidi ya bei ya ile mashine ya rahisi.

Hiyo ya katikati ni ipi? Mafundi walitueleza hivi. Makampuni makubwa ya Ulaya hununua mashine imara kwa ajili ya makarani wao, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook. Baada ya miaka michache wanazibadilisha, nazo huletwa kwetu. Wauzaji huziita "ex-UK". Zilipokuwa mpya zilikuwa za bei kubwa. Nyingi zafunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake vyapatikana Nairobi. Mtu wa kwanza amekwisha lipia jina. Wewe unalipia kazi iliyobaki.

Lakini msinunue mbuzi kwenye gunia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, na kizazi hicho kilianza mwaka 2017. Muuzaji akikupunguzia bei sana, tazama kizazi kwanza. Huenda anakuondolea mzigo wake. Ikiwa mashine ya zamani mnayo nyumbani, msiitupe: Linux ni ya bure, na yaweza kuifufua kwa kazi nyepesi. Kisha chomoa chaja uone betri inakaa muda gani. Bonyeza kila kibonye. Hakikisha mashine haijafungwa kwa nywila ya kampuni au ya mwenyewe wa kwanza, maana ikifungwa hivyo ni jiwe. Dai risiti yenye nambari ya mashine na muda wa dhamana.

Sasa twaja kwenye njia, yaani mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ifike nyumbani. Sheria hiyo iliwekwa ili mfanya kazi ale. Lakini wengine wetu tunaizunguka kwa mikopo ya simu, ambayo haionekani katika karatasi ya mshahara, na theluthi ile nayo huliwa. Mtoto ana mashine mezani, na juu ya meza hiyo hiyo hakuna chakula.

Tulisikia neno moja hapa mkutano uliopita, nalo lilituchoma. Mwenzetu alisema, "Basi mtoto wa mtu wa reli apewe kitu cha mtu wa reli, na mtoto wa tajiri apewe kitu cha tajiri?" Ndugu, tumelifikiri neno hilo njiani kwenda na kurudi. Jibu letu ni hili. Heshima ya mtoto wako ni kumaliza masomo, na karo ya muhula ujao imelipwa. Mwalimu husahihisha kazi iliyoandikwa. Hatazami mgongo wa mashine iliyoiandika.

Basi tunashauri hivi. Kabla ya kununua, mtoto alete kutoka chuoni karatasi ya programu anazotakiwa kutumia. Wanachama wanaotaka mashine wajiandikishe kwa karani wa tawi, twende pamoja na fundi mmoja tunayemwamini, maana wanunuzi kumi husikizwa kuliko mmoja. Na mtu asitie sahihi ya mkopo dukani siku ile ile. Alale kwanza, azungumze na mke wake.

Wote tuliosoma misheni tulifundishwa habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi tumekwisha keti na kuhesabu. Sasa ulizeni maswali.