Jina Kamili, Jibu la Karibu: Seva za Mitandao ya Mtaa

Mwambie mtu wa boda akupeleke Kisumu Ndogo, naye atakuuliza: ya Kibera au ya Kawangware? Ukishataja mtaa, safari inaanza. Kompyuta haiulizi. Hupokea jibu lolote lililotangulia kufika, ndiyo maana nasisitiza kwamba seva ya mtaa ipewe jina kamili tangu inapowekwa.

Tuseme tuna seva ya maktaba katika kila mtaa kati ya hiyo miwili. Moja iwe maktaba.kibera.internal, nyingine maktaba.kawangware.internal. Mwaka 2024 ICANN ilitenga .internal kwa mitandao ya ndani, kwa hiyo hakuna atakayeuziwa. Epukeni .local, kwani ina utaratibu wake ambao mashine hutumia kutafutana zenyewe.

Jina huwekwa kwa hostnamectl. Kisha tazama /etc/hosts. Debian na Ubuntu mara nyingi huandika humo 127.0.1.1 mbele ya jina la mashine, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukiweka dnsmasq ijibu maswali ya majina, husoma faili hiyohiyo na kumpa mwanafunzi anwani hiyo, naye anaelekezwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Futa mstari huo, uandike:

10.20.0.5 maktaba.kibera.internal maktaba

Jina kamili litangulie, la mkato lifuate.

Anwani hiyo isibadilike. Tazama jina la kadi ya mtandao kwa ip link (siku hizi huwa kama enp3s0, si eth0), kisha uandike anwani katika Netplan. Seva ikiwa mbali, tumia netplan try: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya awali hurudi.

Sasa kiini cha mada. TunapandaNET ya Kibera imeunganisha shule na vituo vya vijana ili masomo yapatikane ndani ya mtandao wenyewe, hata bila intaneti. Faida hiyo hupotea ikiwa swali la jina lazima litoke nje. Laini ya nje ikikatika, antena inafanya kazi, seva inawaka jengo la pili, lakini somo halifunguki kwa sababu hakuna wa kujibu "maktaba iko wapi". Rauta itangaze anwani ya dnsmasq ya mtaa, wala isitangaze ya nje. Wapo wanaoongeza 8.8.8.8, seva ya majina iliyo nje, kama akiba. Napinga kabisa: simu na kompyuta haziahidi kuuliza kwa zamu, na 8.8.8.8 haijui maktaba ya Kibera. Leo somo litafunguka, kesho litagoma, na fundi atalaumu antena. Akiba ya kweli ni dnsmasq ya pili, ndani ya mtaa.

Ombi langu kwenu: mkirudi vituoni, chomoeni waya wa nje mchana, wanafunzi wakiwepo, mwone ni majina gani bado yanajibiwa. Yasiyojibiwa yashughulikiwe kabla ya kuongeza seva nyingine.