Malaika Alikuja na Mkate

 

Nakusalimu wewe mpendwa uliyevuka mpaka kuja kuadhimisha pamoja nasi, na wewe uliyebaki nyumbani ukisubiri kuletewa jarida hili. Ndugu wa Kenya na Uganda nawasalimu, wa Rwanda, Burundi na Kongo nawasalimu, na Watanzania wenzangu msidhani nimewasahau. Nimepewa nafasi ya kusema nawe juu ya afya ya akili na hisia katika maisha yetu ya kila siku. Nitasema kwa lugha ya kawaida tu, ila Biblia tutaifungua.

Kwanza nikuulize. Tukikutana kanisani tunasalimianaje? “Hujambo mpendwa?” “Nimebarikiwa!” Jibu linatoka hata kabla swali halijaisha. Dereva wa lori aliyekaa kwenye foleni ya mpakani siku nne, hajaoga, hajui nyumbani wamekula nini, naye amebarikiwa. Mama muuza nafaka anayefuatwa na mkopo wa kausha damu kila Ijumaa, naye amebarikiwa. Kijana wa bodaboda ambaye hesabu ya bosi haijatimia wiki ya tatu, amebarikiwa. Mimi sipingi baraka, hata kidogo. Nasema tu kwamba jibu hilo limegeuka pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu halali usiku.

Sasa twende 1 Wafalme sura ya 19. Unaijua habari hii, lakini isome polepole.

Eliya ametoka mlima Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, manabii wa Baali wameshindwa. Ni ushindi mkubwa kuliko mikutano yetu yote ya injili. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe mmoja wa kumtisha, na mtu yule yule anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aichukue roho yake. Anaona imetosha.

Nauliza: Eliya alikuwa hajaokoka? Alikosa upako? Alikuwa na dhambi ya siri? Maandiko hayasemi hivyo. Yanatuonyesha nabii wa kweli aliyechoka mpaka akatamani kufa.

Na Mungu alifanya nini? Hakumkemea wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika, akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akampa chakula tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu, baada ya siku arobaini. Mkate ulitangulia, maneno yakafuata.

Hilo ndilo neno langu kwako leo. Sisi mara nyingi tunageuza. Mtu amelala chini ya mretemu, tunamfuata na mahubiri ya saa mbili, mkate hatuna.

Jambo la kwanza: utunze mwili, maana akili inakaa humo. Bwana Yesu mwenyewe alilala kwenye mto wa kichwa ndani ya chombo, dhoruba ikivuma. Aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata. Ni Marko sura ya 4 na ya 6, kasome. Wewe unalala saa ngapi? Simu unaizima saa ngapi? Unaweka kichwa kwenye mto huku unapitia namba za madeni na vikundi vya WhatsApp mpaka saa nane usiku, asubuhi unasema ni vita vya kiroho. Mpendwa, vita vingine vinaanza kupungua ukilala.

Mikesha yetu naipenda. Lakini kuna watu ambao ugonjwa wao wa akili huamshwa na kukosa usingizi. Ukimkesha mtu wa namna hiyo usiku tatu mfululizo, anaweza kuanza kuongea bila kukoma, kutapanya fedha, kujiona ana nguvu za ajabu, nasi tukadhani amejazwa. Mwache alale. Na anayetumia dawa za kila siku, kabla ya kufunga aongee na daktari wake. Mungu anamjua hata akila.

Jambo la pili: usimwache mtumishi Beer-sheba. Umeona Eliya alivyofanya? Wakati alipohitaji mtu kuliko siku zote, ndipo alipobaki peke yake. Huzuni inapenda mlango uliofungwa. Yesu usiku ule wa Gethsemane hakujificha. Aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni nzito, akawaomba wakae naye. Kama Bwana aliomba watu wa kukaa naye, wewe ni nani wa kujifanya chuma?

Nikupe mfano kutoka bara letu hili. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na wasaidizi wachache. Akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Si madaktari wala wauguzi, ni bibi wa kawaida. Wakafundishwa kusikiliza, kila mmoja akakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Kwa Kishona ule ugonjwa wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo haya haya sisi tunayoita mawazo? Bibi anasikiliza, kisha anamsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sasa niambie, kanisa lako halina bibi? Halina benchi? Tuna kina mama wa maombi waliozika, waliofiwa, waliolea wajukuu, wenye hekima ya kutosha mitaa mitatu. Kinachohitajika ni mambo mawili. Wajifunze kusikiliza bila kuharakia kusema “funga siku tatu”. Na wajue kufunga mdomo. Siri ya mtu ikitoka kwenye benchi ikafika kwenye ushuhuda wa Jumapili, hutamwona mtu mwingine kwenye benchi hilo.

Jambo la tatu ni gumu zaidi, ila nitalisema. Hospitali si adui wa madhabahu.

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini kukemea pepo, na mimi sitaacha kuamini. Lakini soma Mathayo 4:24. Wanapotajwa walioletwa kwa Yesu, wenye pepo wanatajwa peke yao, na wenye kifafa wanatajwa peke yao. Biblia imetenganisha, kwa nini sisi tunachanganya? Nimekaa na dada mmoja, fundi cherehani, mwenye kifafa. Kwenye maombi fulani aliambiwa dawa ni kukosa imani, akazitupa. Siku chache baadaye alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Mkono ule ndio uliokuwa unashika kitambaa. Leo amerudi kwenye dawa na bado anampenda Yesu, lakini vile vidole havijarudi kama vilivyokuwa.

Kwa hiyo nakusihi wewe mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa maombi: usimwachishe mtu dawa. Ukiamini amepona, mfanye kama Bwana alivyowafanya wale kumi wenye ukoma katika Luka 17. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana kwa sheria kuhani ndiye aliyekagua na kuthibitisha. Leo kwa habari ya dawa anayekagua ni daktari. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Na daktari ndiye anayejua kupunguza dozi polepole, kwa sababu dawa nyingine ukiziacha ghafla zinaleta hatari. Nazo dawa za huzuni nyingi huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, kwa hiyo asikate tamaa siku ya tano.

Utajuaje kwamba mawazo yamevuka kiwango? Angalia kama mtu ana huzuni, au hafurahii tena chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Angalia usingizi, hamu ya kula, nguvu, kujilaumu kupita kiasi. Mama aliyejifungua analia kila siku na hamtaki mtoto. Kijana anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mwombee, kisha mshike mkono mwende. Anzia kituo cha afya cha karibu. Wakiona inafaa watawapeleka mbele, na hospitali zipo: Mirembe kule Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, Ndera Kigali, Kamenge Bujumbura. Majina hayo tumeyafanya matusi ya kutaniana. Tuache. Hakuna anayecheka mtu kwa kwenda kufungwa plasta mguu uliovunjika.

Na mtu akikwambia maneno ya Eliya, kwamba amechoka kuishi, usimtishe na jehanamu, wala usiseme anatafuta huruma. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo hilo, kunampa mlango wa kusema. Kisha usimwache peke yake, ondoa karibu yake vitu vya kumdhuru, mpeleke kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu ni kinyume cha katiba. Kama mahakama imeona mtu huyo anahitaji msaada kuliko pingu, kanisa tusiwe wa mwisho kuona.

Na nyinyi watumishi wenzangu, nani anakuletea mkate wewe? Kila mtu anakuja kutua mzigo kwako, jioni unarudi nao nyumbani, mke na watoto wanapata mabaki. Musa naye, katika Hesabu 11, alilemewa mpaka akaomba kufa. Mungu alimpa wazee 70 wabebe pamoja naye. Hakumpa sauti kubwa zaidi. Washirika, mpeni mchungaji wenu siku moja ya juma asipigiwe simu ila kwa dharura. Hata hiyo ni sadaka.

Sasa kazi ya nyumbani, maana mwalimu bila zoezi wanafunzi husahau. Wiki hii lala mapema siku tatu. Wiki hii mwambie mtu mmoja unayemwamini hali yako ya kweli, si ile ya “nimebarikiwa”. Na wiki hii mtafute mmoja ambaye hajaonekana ibadani muda mrefu. Ukienda, usiende na Biblia peke yake. Beba na unga, au sukari, au vocha ya simu. Kaa. Mwache aongee. Maombi yatakuja yenyewe.

Mwisho wa habari ya Eliya unakumbuka? Aliamini amebaki peke yake. Mungu akamwambia wako 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, akampa kazi ya kufanya, akampa na Elisha wa kutembea naye. Wewe unayesoma ukiwa chini ya mretemu wako, upande wowote wa mpaka, hujabaki peke yako. Amka, ule. Safari bado ni ndefu, na tunakuhitaji ufike.

Mungu akulinde roho, nafsi na mwili. Amina.