Njia Ilikuwa Imefungwa kwa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kerege, Bagamoyo)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze dakika ishirini juu ya jambo lolote nipendalo, mradi lisiwe siasa. Nimechagua kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katibu ataniwia radhi. Ameketi pale mbele na tayari ananitazama kwa jicho la bweni.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1969 tulifanya mtihani ule ule waliofanya wenzetu wa Kenya na Uganda. Hatukuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Barua ilikwenda kwa posta moja, treni zilikuwa za shirika moja, na ndege nazo vivyo hivyo. Waliofaulu sana walitazamia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 chuo hicho kikagawanywa kuwa vitatu. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 tukaunda baraza letu wenyewe. Vijana wa madarasa ya nyuma yetu walifurahi, kwa kuwa walidhani mtihani utakuwa rahisi. Nayasema haya kwa sababu watu husimulia habari ya 1977 kana kwamba nyumba ilianguka usiku mmoja. Matofali yalikuwa yakitolewa moja moja, na mengine tuliyatoa sisi wenyewe kwa sababu zetu nzuri tu.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dokta Obote, ukaanza kazi Desemba mwaka huo. Makao makuu yakawekwa Arusha. Reli na ndege zikawa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na Benki ya Maendeleo ikawekwa Kampala pia. Waandishi wa mkataba walijua vizuri donda lilikuwa wapi. Viwanda vingi vilikuwa Kenya tangu enzi za Mwingereza, na biashara ya pamoja ilizidi kumnufaisha aliyekuwa navyo. Kwa hiyo benki ile ilitakiwa kuwekeza asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na 22.5 tu Kenya. Tena nchi iliyopungukiwa iliruhusiwa kutoza kodi bidhaa za viwanda zilizotoka kwa jirani, ili viwanda vyake vichanga vipate kupumua. Dawa ilikuwa nzuri, ila ilikuwa kijiko kimoja kwa mgonjwa wa siku nyingi.

Kisha likaja jambo la Amin, Januari 1971. Mkataba uliweka mambo makubwa mikononi mwa marais watatu wakiwa pamoja, na Mwalimu alikataa kukaa meza moja na Amin. Mimi simlaumu kwa hilo, na sitamlaumu leo. Lakini tangu hapo kikao cha wakuu hakikukutana tena. Mashirika yakabaki kama jahazi lenye manahodha watatu wasiosemezana. Fedha zilizopatikana nchi hii hazikufika makao makuu ya nchi ile. Kila upande ukadai unadaiwa kidogo na unadai kingi. Huku kwetu tuliwaita wenzetu manyang'au, na wao walikuwa na majina yao juu yetu, ambayo mbele ya akina mama sitayataja.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanguka, na Kenya ikaanzisha lake. Ijumaa tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Kesho yake, tarehe 5, ndipo Chama cha Mapinduzi kilipozaliwa, hivyo wengi wetu tulikuwa na ngoma masikioni, habari ya mpaka tukaisikia kama kwa mbali. Mwisho wa Juni bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Julai hapakuwa na Jumuiya. Hata leo ukiuliza nani aliyetoka, kila mmoja atamwonyesha mwenziwe kwa kidole.

Sasa nije kwangu. Wakati huo nilikuwa karani Tanga, katika shirika moja la Jumuiya nisilolitaja. Mke wangu kwao ni Lungalunga, ng'ambo ya Horohoro, mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Nilipomwoa mwaka 1974 hakuna aliyesema nimeoa nchi za nje. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka ule, na mashamba ya ndugu yanapakana.

Mwaka 1979 alikuja mwanamke mmoja muuza sabuni. Mnakumbuka sabuni ya wakati ule ilikotoka, na ilipita njia za namna gani. Alileta habari kwamba baba mkwe wangu amefariki jana yake na amekwishazikwa. Mke wangu akafunga kanga zake mbili na kuniambia kwamba mwanamke yule anarudi alfajiri, naye atafuatana naye kwenye hitima ya babake.

Nikamkataza.

Sababu zangu nilizipanga vizuri, kama nilivyofundishwa kupanga hoja katika shule yetu. Nilisema mpaka umefungwa na Serikali, na mimi mtumishi wa umma siwezi kumpitisha mke wangu njia za panya. Hayo yalikuwa kweli. Sikumwambia jingine, nalo lilikuwa kweli zaidi: tulikuwa tumehamishiwa shirika jipya la nchi yetu, majina yalikuwa yakichujwa, nami niliogopa mtu asije akasema karani fulani ana wakwe kwa manyang'au. Alivua kanga moja akaikunja. Hakunijibu neno, wala hakulia mbele yangu.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Tarehe 14 Mei 1984, Arusha, wakuu watatu, Mwalimu, Moi na Obote, walitia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni, baada ya Bwana Victor Umbricht wa Uswisi kuhangaika nao miaka kadhaa. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wastaafu wa upande wetu, zaidi ya 31,000, walifika hadi mahakamani, wakapatana na Serikali Septemba 2005. Langu lilipotoka lilitosha mabati ya nyumba yangu hapa Kerege na mikorosho michache. Wapo wenzangu wa ofisi ile ile ambao cheki ziliwakuta kaburini.

Mkataba mpya wa 30 Novemba 1999 nimeusoma, maana mzee asiye na kazi husoma mikataba. Katika utangulizi wake wametaja wazi kilichoua ile ya kwanza: upungufu wa nia ya kisiasa, wananchi kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kutogawanywa sawa. Ibara ya 145 inaeleza namna ya kutoka: bunge liamue kwa theluthi mbili, kisha notisi ya miezi kumi na miwili. Waingereza walipopiga kura ya kutoka Ulaya mwaka 2016 walikuwa na ibara kama hiyo, na bado iliwachukua mpaka Januari 2020, wakizozana kwa sehemu kubwa juu ya mpaka mmoja wa Ireland, ambako watu wa familia moja wanaishi pande mbili. Nilipokuwa nikisikiliza habari hizo redioni, mama watoto alipunguza sauti akaniuliza kama huko nako kuna wauza sabuni.

Tulikwenda Lungalunga Desemba ile ya 1983. Mama mkwe alitupokea vizuri, tukapelekwa kaburini, tukaomba dua. Jioni, uani, nikaanza kueleza jinsi njia ilivyokuwa imefungwa miaka yote ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuwataja waliofika kwenye hitima kutoka upande wetu: shemeji zake wa Duga, mwalimu wa madrasa, hata fundi mmoja kiwete aliyeletwa kwa baiskeli. Akaniuliza: "Mwanangu, njia ilikuwa imefungwa kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akamwita mtoto aniletee maji ya kunawa, chakula kikaletwa.

Mke wangu yuko pale chini ya mkorosho pamoja na wenziwe. Nilimwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, naye akakubali kwa sharti kwamba nisiipunguze sehemu ya kanga.