Mvua Inapokatika, Nani Anaacha Shule?





Huku kwetu Njombe tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili au Mei. Shule nazo hufunguliwa Januari. Tuutazame mwezi huo. Mahindi yangali machanga, ghala limepungua, na shamba linadai mbolea. Papo hapo mtoto anahitaji sare, madaftari na mchango wa chakula cha shuleni. Ni kweli kwamba Serikali iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2002, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Lakini hayo mengine yangali mabegani mwa mzazi.

Mvua ikianza kisha ikakatika, miche hukauka, nasi hulazimika kupanda upya. Fedha ya mbegu ya pili ndiyo ile iliyokuwa ya sare. Na pengine sakitu ya Julai ilikwisha kuunguza viazi vya vinyunguni. Hapo ndipo kijana anapokwenda Makambako, kwenye njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam, akapanda basi kutafuta kazi za ndani au kibarua.

Ndugu zangu, mvua hatuwezi kuiamuru. Lakini anayemtoa binti shuleni ni mtu, na anayempunja ujira wake ni mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Naye Papa Leo XIII alifundisha tangu mwaka 1891 kwamba ujira sharti umtoshe mfanyakazi kuishi.

Tufanye nini basi? Wakati wa mavuno bei ya mahindi huwa chini, nasi huuza karibu yote. Januari twayanunua kwa bei ya juu. Yosefu kule Misri aliweka akiba katika miaka ya shibe. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo na ijiwekee ghala, na kila kaya itoe debe moja la Januari, la kumrudisha shuleni mtoto ambaye shamba la kwao limeharibika. Na kijana aliyetimiza umri, akilazimika kuondoka, asipande basi kabla wazazi hawajajua anakwenda kwa nani, kwa ujira gani, na kama atapewa nafasi ya kusoma.

Mungu awabariki.