Mgonjwa Mmoja, Kadi Mbili

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Afya ya Dayosisi kwa kamati za diakonia



Kwa miaka kadhaa tumewaleteeni taarifa za wagonjwa wa kifua kikuu, na taarifa nyingine za wagonjwa wa kisukari. Leo tunakiri kwamba baadhi yao walikuwa watu wale wale, na sisi hatukujua. Tulikuwa na fomu mbili na bajeti mbili.

Mama mmoja wa usharika wa mlimani alikuwa na kadi mbili. Jumanne alikwenda kliniki ya kifua, Alhamisi ya sukari. Nauli ilipomshinda aliacha ya sukari, maana kikohozi ndicho kilichomtisha. Mhudumu wetu alimtembelea kila wiki, akahesabu vidonge vya kifua, akaandika "anaendelea vizuri". Hakuwa na kipima sukari, kwa sababu hatukumpa. Alipokuja kuona kitambaa mguuni, jeraha la moto wa jikoni lilikuwa na siku tisa. Mama hakusikia alipoungua.

Mwenye kisukari yuko katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mgonjwa wa kifua kikuu apimwe sukari, na wa kisukari achunguzwe kikohozi. Dawa nazo zinagongana. Rifampisini hufanya ini liondoe haraka baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi. Mgonjwa anameza kwa uaminifu na sukari inapanda. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi miguuni, juu ya ganzi ya kisukari chenyewe, ndiyo maana daktari huongeza vitamini B6.

Basi anayemtembelea mgonjwa huyu amvue viatu. Atazame nyayo na katikati ya vidole, kila mara, hata kama mgonjwa anasema hana tatizo. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine kwa kiwiko. Aulize pia amekula nini, kwa kuwa kifua kikuu huondoa hamu ya chakula, na aliyechoma insulini bila kula anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi. Akizimia, asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. (Ndugu zetu wa vikundi vya maombi, tafadhali msimfungishe.) Pasipo na jokofu, insulini ikae kwenye chungu kilichowekwa ndani ya kingine chenye mchanga uliolowa, kivulini.

Mguu wa mama yule ulipona baada ya miezi mingi, lakini kidole kimoja kilikatwa.

Kwa wafadhili wetu tunalo ombi moja. Kipima sukari hununuliwa mara moja, ila vijiti vyake vinaisha, na mashine isiyo na vijiti ni pambo la kabati. Tunaomba fedha za vijiti ziingie katika bajeti ya kifua kikuu yenyewe.

Fomu mpya, moja kwa magonjwa yote mawili, ziko mezani kwa katibu. Kila usharika uchukue zake kabla ya chai.