Chakula cha Watoto Siku za Kazi Nyingi



Wakati wa palizi, mama hutoka shamba mchana amechoka, na mtoto mdogo hupewa kiporo kilicholala kwa sufuria. Hapo ndipo kuhara huanza. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na wengi wetu hatuna friji. Tufanyeje? Tutayarishe mapema kilicho kikavu, tupike siku ile ile.

Kwanza, mboga. Majani ya kunde tuyachemshe dakika chache, tuyaanike kivulini penye upepo, mpaka yavunjike mkononi. Jua kali huharibu vitamini A. Tuyaweke kwa mkebe mkavu wenye kifuniko.

Pili, maharagwe. Tuchague ya wiki nzima siku moja. Ya kesho tuyaloweke usiku, asubuhi tumwage maji hayo, tuyachemshe nusu saa kwa maji mapya. Kisha sufuria, ikiwa bado inatokota, ifunikwe na iingie kwa kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya ndizi. Baada ya saa 3 au 4 yameiva bila kuni zaidi. Tuyachemshe tena kabla ya kula.

Na kazi hii si ya mama peke yake. Hata baba ana mikono ya kuchagua maharagwe.

Kila kikundi kianze na kikapu kimoja, tukione mkutano ujao.